Mwache Mwanafunzi Aige

Katika msikiti mdogo wa makuba, Kilwa Kisiwani, fundi wa karne ya 15 alipofika darini alichukua bakuli za kulia chakula akazipachika kwenye chokaa, midomo ikitazama chini. Bakuli zile hazikuwa kazi ya mikono yake. Zilifinyangwa ng'ambo, zikang'arishwa kwa rangi, zikavuka bahari majahazini pamoja na nguo na shanga, na huko zilikotoka kazi yake ilikuwa kupakuliwa chakula. Baadhi zimebanduliwa na watu wa karne zilizofuata, na pale zilipokuwa pamebaki vishimo vya mviringo. Mfinyanzi hakuwaza kwamba siku moja bakuli zake zingetazamwa na watu walioinua shingo wakisubiri swala ikimiwe. Basi ile dari ni kazi ya nani? Swali hili lina uzito kuliko linavyoonekana, maana kijana wa Kitanzania anayetaka kuwa msanii huambiwa mambo mawili yasiyopatana. Huambiwa ajifunze kwa waliomtangulia, kisha huambiwa asiige. Akijaribu kutii yote mawili hukwama. Hoja ya makala haya ni kwamba agizo la pili ndilo lenye kasoro. Mwanafunzi wa sanaa aige, tena mapema na kwa wingi, ila aige kwa nyenzo zilizo mikononi mwake, kwa sababu nyenzo ndizo zitakazomlazimisha kubadili alichokiona, na katika kubadili huko ndiko anakopata kazi iliyo yake. Ushahidi upo pwani hii hii ya Kilwa na Lindi, na sehemu yake nzuri imo Pande.

Kisiwa cha Songo Mnara kiutawala kimo katika kata ya Pande Mikoma. Pamoja na Kilwa Kisiwani kiliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mji wake wa mawe ulistawi katika karne ya 14 na ya 15, ukahamwa katika karne ya 16, na leo kuna magofu ya misikiti mitano, jumba kubwa ambalo watu hulihesabu kuwa la mfalme, na nyumba zaidi ya 30 zilizozungukwa na ukuta. Mtu akipita nyumba hadi nyumba haimchukui muda kutambua kwamba majirani walikuwa wakitazamana. Ua wenye ngazi, nyuma yake chumba kirefu chembamba, nyuma yake kingine, na vyumba vya ndani kabisa ambavyo mgeni wa kawaida hakuvifikia. Mpango ni ule ule, ila hakuna nyumba mbili zilizo sawasawa. Hii iligeuzwa kidogo kwa sababu kiwanja kilibanwa na jirani, ile iliongezwa chumba, nyingine ilipewa zidaka nyingi zaidi ukutani. Hakuna dalili ya fundi aliyeona haya kurudia alichojenga mwenzake ng'ambo ya uchochoro. Kama kurudia kungekuwa kufisha sanaa, Songo Mnara ungekuwa mji wa kuchosha macho. Kumbe ni katika miji ya mawe iliyosalia vizuri kuliko mingi kwenye pwani yote ya Waswahili, na wachimbaji wa mambo ya kale hawajaacha kuurudia.

Ukiuliza kwa nini vyumba vile ni vyembamba, jibu liko mikokoni. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki mbali bila kupinda. Ndiyo maana upana wa chumba cha Kiswahili hauzidi sana mita mbili na nusu, hata mwenye nyumba awe tajiri vipi. Ukuta ulijengwa kwa mawe ya matumbawe ya nchi kavu, magumu na yenye matundu, ambayo hayakubali nakshi. Nakshi ilitaka matumbawe ya baharini, yaliyokatwa yakiwa mabichi na laini, yakachongwa haraka, kisha yakaachwa kukauka na kuwa magumu. Ndiyo yaliyotumika kwenye miimo ya milango na kwenye vibla vya misikiti. Chokaa nayo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya lundo la kuni. Sasa mchukulie fundi wa namna hii, mwenye boriti fupi, jiwe lenye matundu na jiwe lisilosubiri, halafu aone, au asimuliwe, jengo la Uajemi au la Bara Arabu lililojengwa kwa matofali. Hata akitaka kulinakili neno kwa neno hawezi. Atachukua wazo la tao, au la kuba, au la mpaka wa nakshi kuzunguka mlango, kisha jiwe lake litamwambia lipi linawezekana. Kwa hiyo zidaka, miimo na vibla vya pwani hii vina udugu na vya ng'ambo, na hata hivyo mtu aliyezoea haoni shida kuvitambua kuwa ni vya hapa.

Msikiti Mkuu wa Kilwa ni somo refu zaidi, na zuri kwa sababu ndani yake kuna kushindwa. Sehemu ya kwanza ni ya karne ya 11 au ya 12, ukumbi wa wastani uliobebwa na nguzo tisa. Mwanzoni mwa karne ya 14, biashara ya dhahabu ya Sofala ilipokuwa imeutajirisha mji, Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331, aliupanua kwa fahari. Kuba aliloliongeza halikuwa na mfano wake kwa ukubwa katika Afrika Mashariki hadi karne ya 19. Nguzo za upanuzi ule zilichongwa kila moja kutoka kipande kimoja cha tumbawe, jambo la kutamanisha macho na la hatari. Zilishindwa na mzigo. Upanuzi uliporomoka, na katika karne ya 15 watu wa Kilwa wakaujenga upya, safari hii wakiwa na nguzo za pembe nane zilizopangwa kwa mawe na udongo wa chokaa, nene zaidi, na juu yake makuba madogo na dari za tao zikifuatana safu kwa safu. Msikiti huo wa pili ndio wageni wanaoupiga picha leo. Waliojenga mara ya pili walikuwa wakimwiga aliyewatangulia, jengo lake likiwa limelala mbele yao kwa vifusi. Walishika alichokusudia, wakaacha alichokosea. Sidhani kama kuna darasa la sanaa linaloweza kumfundisha mtu hilo vizuri kuliko kifusi chenyewe.

Hapo atasimama mtu aseme kwamba mfano wangu haufai, kwani mambo hayo yaliletwa na wageni, na mwenyeji hakuiga kitu ila alijengewa. Pingamizi hili lina umri. Wataalamu wa kikoloni walilipenda, na baadhi yetu tulilirithi shuleni. Lakini halisimami mbele ya uchimbuzi. Katika miaka ya 1980 mwanaakiolojia Mark Horton alichimba mji wa kale wa Shanga, katika visiwa vya Lamu, akakuta chini ya msikiti wa mawe kuna misikiti mingine midogo ya miti na udongo, mmoja juu ya mwingine, wa chini kabisa ukiwa wa karne ya 8. Yaani watu wale wale walikuwa wakijenga mahali pale pale kwa miti na udongo muda mrefu kabla hawajahamia kwenye mawe. Mgeni alikuwapo, alioa, aliswali, alileta habari za huko atokako, hakuna haja ya kumkana. Ila mkono uliozoea mti na udongo ndio uliojifunza jiwe. Na palipo na dalili za mgeni aliyeleta ramani nzima, matokeo yanajieleza. Husuni Kubwa, kasri la sultani yule yule, lina birika la pembe nane na nyua kubwa zinazowakumbusha wataalamu majumba ya makhalifa wa Iraki. Ni jengo la ajabu, lakini yaelekea halikumalizwa, halikukaliwa muda mrefu, na hakuna aliyelijenga tena mfano wake popote pwani. Mimi nalichukulia kama nakala iliyokuja nzima mno. Haikumpa fundi wa kawaida mahali pa kushika. Msikiti ulioporomoka ulizaa, kasri lililosimama halikuzaa.

Tuondoke kwenye mawe twende kwenye mti, kwani misitu ya Kilwa na Lindi ndiyo nyumbani kwa mpingo. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, ilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha uvunaji unaolinda msitu, ikiwa ya kwanza Afrika miongoni mwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Mpingo mwingine huenda Ulaya kuwa klarineti na oboi, mwingine huishia chini ya tezo. Ni mti mkaidi. Mbao yake ya nje ni ya manjano iliyofifia na kiini chake ni cheusi, mzito kiasi cha kuzama majini, hukua polepole kwa miongo mingi, na shina lake mara nyingi limepinda au lina uwazi katikati. Wamakonde waliovuka Ruvuma kutoka nyanda za Mueda kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Lindi, Mtwara na kaskazini waliuchonga kwa kufuata maumbo waliyoyazoea, mtu mzima mwenye mikono miwili na miguu miwili. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1950 mchongaji aitwaye Samaki Likankoa alivunjikiwa mkono wa sanamu yake. Badala ya kuitupa aliigeuza iwe kiumbe cha ajabu, na mfanyabiashara wa vinyago wa Dar es Salaam, Mohamed Peera, akampa moyo aendelee. Mtindo huo ukaitwa shetani. Simulizi kama hizi hupambwa zinapopita midomoni, sitaitetea kila chembe yake, ila kinachofuata hakina ubishi. Wachongaji wengine walimwiga Samaki mara moja, na kila aliyeiga alijikuta na kipande cha mpingo kilichopinda kwa namna yake. Tundu la mti likawa jicho au tumbo, tawi lililochepuka likawa shingo. Kwa miaka michache mashetani yalikuwa mengi na hayafanani. Vivyo hivyo ule mnara wa watu waliobebana, uitwao ujamaa, unaohusishwa na Roberto Yakobo Sangwani. Wazo ni moja, ila gogo halikubali kurudiwa.

George Lilanga, aliyezaliwa kusini mwaka 1934 na kufariki 2005, alianzia kwenye kuchonga. Alipofika Dar es Salaam na kuingia Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972, alikutana na batiki, ngozi za mbuzi, wino na rangi. Mashetani aliyakuta kwa wenzake, hakuyabuni yeye. Alichofanya ni kuyahamisha kutoka kwenye mti kwenda kwenye uso bapa, na huko hakukuwa na gogo la kumwongoza. Mistari ikachukua nafasi ya tundu na tawi. Viumbe wakapata masikio makubwa, matumbo yaliyobinuka na miguu yenye vidole vichache, wakasongamana wakicheza, wakigombana, wakimimina pombe, kwa rangi ambazo mpingo haujawahi kuwa nazo. Kazi zake zikafika Marekani, Ulaya na Japani. Ukimweka Lilanga pembeni ya Samaki unaona deni lake waziwazi, na wakati huo huo huwezi kuwachanganya. Huu ndio ushahidi ninaoutegemea kuliko mwingine, kwa sababu ni rahisi kuukagua: wazo ni lile lile na watu ni wa kusini ile ile, kilichobadilika ni nyenzo, na nyenzo ilipobadilika kazi ikawa nyingine.

Mwenye kupinga sasa atakuwa na silaha nzuri, nayo ni Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, mwenyeji wa Tunduru aliyezaliwa 1932, alianza kuchora mnamo 1968 kwa vipande vya mraba vya silingibodi na rangi za mafuta za dukani, zile za kupakia baiskeli. Alifariki 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, kwa hiyo kazi yake yote ni ya miaka kama minne hivi. Ndugu na wanafunzi wake, akina January Linda, Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu na Simon Mpata, waliendelea, na mwaka 1990 ukaundwa ushirika unaobeba jina lake. Leo nenda duka lolote la watalii, kuanzia Zanzibar hadi Arusha, utakuta chui yule yule, twiga wale wale watatu, mlima ule ule, vimechorwa na mikono isiyohesabika. Je, huko siko kuiga kunakopeleka? Jibu langu ni ndiyo, huko ndiko kunakopeleka kuiga kunapokosa kitu kimoja. Tingatinga mwenyewe aliiga. Wengi huamini kwamba aliona picha za wachoraji wa Kikongo zilizokuwa zikiuzwa Dar es Salaam. Ila rangi yake ya baiskeli haikumruhusu kupaka kivuli laini. Hukauka iking'aa, haichanganyiki kwa upole, hivyo akabaki na mnyama mmoja mkubwa, rangi tupu nyuma yake, na madoa. Kizuizi kikawa mtindo. Mchoraji wa duka la watalii ameurithi mtindo pamoja na suluhisho lake, na mnunuzi anataka awe hivyo hivyo. Hana tatizo lolote linalomkabili anapochora. Na wale waliojipa tatizo jipya ndani ya shule hiyo hiyo, mfano Mohamed Charinda aliyeingiza ngano na maisha ya kijijini kwenye ubao, wanatambulika kwa majina yao. Soko ndilo lililodumaza chui yule. Mwanafunzi hana budi kulijua hilo mapema, kwa sababu soko litamwita na yeye, na ada ya shule na chakula cha nyumbani vitamwambia aitike. Simlaumu anayeitika. Najadili tu kinachotokea kwa jicho lake.

Pingamizi zito kuliko yote lilitoka kwa msanii mkubwa. Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu mwaka 1932 na kusoma Makerere, alianzisha pamoja na wenzake kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, na mafundisho yake makuu hapo yalikuwa kwamba msanii asiige, kwani kuiga ni kumlaza Mungu aliyempa mtu kipawa. Maneno hayo yana historia. Huko Makerere, Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa katika miaka ya 1930, alihofia kwamba kijana wa Kiafrika akimwagiwa picha za Kizungu atageuka mwangwi wa Ulaya, kwa hiyo akawa mwangalifu sana katika kuwaonyesha. Cecil Todd aliyempokea mwishoni mwa miaka ya 1950 alifanya kinyume, akafundisha historia ya sanaa ya dunia bila kuficha. Hofu ya Trowell ilikuwa na msingi wake. Ukoloni ulikuwa umewaambia watu kuwa chao si kitu, na katika hali hiyo kuiga kunaweza kuwa kujidharau. Lakini mtazame Njau akiwa kazini, usiishie kwenye maneno yake. Mwaka 1959 alichora kuta za kanisa la Kianglikana la Murang'a, Kenya: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane, msalaba. Matukio hayo na mpangilio wake vimechorwa kwenye makanisa ya Ulaya kwa karne nyingi. Njau aliyachukua, akamfanya Yesu kuwa mweusi na kumweka katika vilima vya Wagikuyu, katika nchi iliyokuwa bado inauguza majeraha ya vita vya Mau Mau. Ukuta ule hauwezi kueleweka na mtu asiyejua picha zilizoutangulia. Alichokuwa akikemea Njau, nadhani, ni uvivu, na uvivu unastahili kukemewa. Tatizo ni kwamba kemeo lake likifika kwa mwanafunzi wa kidato cha pili linageuka kuwa amri ya kutotazama.

Hata kwenye fasihi pwani ya kusini ina shahidi. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani hii mwaka 1943, alipoandika Kinjeketile, iliyochapishwa 1969, alikuwa kijana wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuwa akisoma tamthilia za Ulaya, na wahakiki huliona jina la mtunzi wa tamthilia Bertolt Brecht nyuma ya kazi zake. Habari yenyewe aliitoa kwenye vita vya Maji Maji vya 1905, vilivyowaka katika vilima vya Umatumbi huko huko Kilwa bara. Umbo la kuazima, lugha na historia za nyumbani, na tamthilia ambayo Mtanzania aliyesoma sekondari haoni sababu ya kuuliza ni ya nani. Baadaye alirudi kwenye ngano za kusimulia, katika Ngao ya Jadi na Jogoo Kijijini za 1976. Aliyepita kwa Brecht ndiye aliyerudi akamsikiliza mtambaji.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, na siku hizi nguo za kuazima zimejaa kwenye simu. Kijana wa Pande akiwa na bando anaweza kuona kwa nusu saa picha nyingi kuliko alizoziona Lilanga katika ujana wake wote. Wapo wanaosema hilo limemaliza mjadala: ama kila mtu sasa ni mwizi, ama kuiga hakuna maana tena kwa kuwa kila kitu kipo. Nadhani wote wawili wanapita kando. Kwa upande wa sheria, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iko wazi. Inalinda kazi jinsi ilivyotolewa, hailindi wazo. Anayenakili picha ya mwenzake na kuiuza kama yake ana kesi, anayejifunza kwake namna ya kugawa nafasi au kupanga rangi hana. Kwa upande wa mafunzo, kasoro ya simu ni kwamba inatoa uso wa kazi peke yake. Haikuambii ukubwa, haikuambii uzito, haikuonyeshi mkwaruzo wa patasi wala mahali fundi alipokosea akafunika kwa chokaa. Picha zote zinakuja na ukubwa wa kiganja na kung'aa kwa kioo. Anayeiga kutoka kwenye kioo bila kushika kitu anaiga sura ya jibu na halioni swali lililojibiwa. Simu ni nzuri kwa kujua nini kipo duniani. Kwa kujifunza, kijana ashuke kwenye kitu chenyewe.

Na kushuka huko si jambo geni kijijini, linafanyika kila siku pasipo kuitwa sanaa. Mama wa pwani anayeona ukili wenye nakshi mpya kwenye mkeka wa mwenzake haombi maelezo marefu. Anaupindua upande wa nyuma, anahesabu miyaa, anatazama wapi ule wa rangi unazama na wapi unaibuka, kisha anakaa na miyaa yake na kujaribu. Mara ya kwanza utakuja mpana au utapinda, kwa sababu miyaa yake ni minene zaidi au rangi imekolea zaidi, na katika kurekebisha anapata nakshi ambayo mwenzake naye atakuja kuihesabu. Hakuna anayemwita mwizi. Angalia anavyoanza: anapindua, anahesabu. Haridhiki na upande wa juu. Hiyo ndiyo nidhamu ambayo shule zetu za sanaa zimeisahau zinapomtaka mwanafunzi awe wa pekee kabla hajajua kushika patasi. Anaambiwa atoe kilicho moyoni, na moyoni, akiwa na miaka 17, mara nyingi kuna chui wa duka la watalii na katuni za televisheni. Vimeingia bila kukaribishwa. Asiyechagua wa kumwiga hajiepushi na kuiga. Huiga kilichomkuta.

Basi kwa walimu wa shule za Kilwa na Lindi, na kwa maofisa utamaduni wa wilaya, ombi ni la kawaida na halihitaji fungu kubwa. Chukueni vibali Kilwa Masoko, kodini mashua, wapelekeni vijana Songo Mnara wakiwa na daftari, penseli na futi kamba. Msiwaachie wapige picha na kurudi. Kila mmoja apewe kitu kimoja, mwimo wa mlango au kidaka au kipande cha kibla, akipime, akichore kwa mkono mpaka ajue fundi alianzia wapi, kisha wakirudi bara akitengeneze upya kwa kile kilichopo: udongo wa kufinyangia, ubao wa mwembe, bati, mfuko wa saruji uliobaki kwenye ujenzi wa darasa. Kazi zitakazotoka msizisahihishe kwa kuuliza kama zimefanana na za Songo Mnara. Mwulizeni kila mwanafunzi ni wapi alishindwa kufananisha, na alifanya nini aliposhindwa.